Ukurasa wa Pili wa Komunike

Ukitaka kuwasikia watu wawili wanaopatana kuliko wote mjini Goma, fungua redio yetu Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Utamsikia Muzee Kambere akigonga ukuta wa mbao na kumwuliza jirani yake kama chumvi ipo. Utamsikia Mama Mukamurenzi akijibu kwamba chumvi ipo, ila maneno ya jirani ndiyo yaliyokosa chumvi. Watu wanacheka kutoka Katoyi, ambako ndiko studio yetu iliko, mpaka Rutshuru. Mama mmoja wa Kibumba alituletea makabichi mawili, moja la kila mmoja wao, akaagiza yafungwe kwenye kitambaa kimoja.

Ukitaka kuwasikia watu hao hao wakitoka studio, utasubiri sana. Kwa miaka miwili ya kuigiza pamoja hawajawahi kupeana hata bonjour. Wanazungumza kwa njia yangu, kama vile mimi ni simu. Mama Mukamurenzi huniambia, muzee akiwa amesimama karibu kiasi cha kumkanyaga: "Sidonie, ambia muzee asogee kidogo, mikro haikuwa ya baba yake." Naye muzee, bila kugeuza shingo: "Sidonie, ambia mama kwamba mikro imesikia."

Mimi ni Sidonie Nshobole, mwandishi wa mchezo huo. Mkurugenzi wetu, Julien, alinipa kazi hii kwa sababu mimi ni Mushi wa Bukavu. Muzee Kambere ni Mnande wa Butembo, Mama Mukamurenzi anatoka Rutshuru na lugha ya kwao ni Kinyarwanda, na Julien alisema amani inafaa iandikwe na mtu asiye wa upande wowote. Ukweli ni kwamba aliwauliza wengine watatu wakakataa. Na mimi si mpole, kila anayenijua atakuambia. Nimeandika maneno matamu ya upatanisho huku nimekunja uso, nikipiga meza, nikiwatukana mbu.

Mchezo unaitwa Ukuta wa Mbao. Majirani wawili wanaotenganishwa na mbao chache wanagombana juu ya moshi, juu ya kuku, juu ya mlango wa choo, na kila mara wanamaliza kwa kusikilizana. Wageni wakija kutuuliza redio inajengaje amani, Julien huwasimamisha nyota wetu mlangoni, bega kwa bega, wapigwe picha. Wanatabasamu vizuri kabisa. Picha ikiisha, kila mmoja anajipangusa bega.

Nitakuambia chanzo cha ugomvi wao, lakini kwanza lazima ujue komunike ni kitu gani kwetu.

Huku, mtu hafi mpaka afe redioni. Kabla ya hapo ni habari tu. Simu inaweza kukuletea, lakini simu ni ya sikio moja. Komunike, yaani tangazo la redio, ni ya watu wote: linasomwa jina la marehemu, halafu yanasomwa majina ya wanaopashwa habari, mmoja mmoja, na mahali kila mmoja alipo. Jina lako likisomwa, majirani wanaacha walichokuwa wanafanya, wanakugeukia, na matanga yanaanza hapo ulipo. Lisiposomwa, utalia kwa ruhusa ya nani?

Na msomaji wa komunike wa redio yetu ni Muzee Kambere. Alianza kusoma tangu nchi ikiitwa Zaire. Anasoma vifo, anasoma vyeti vilivyopotea, anasoma mbuzi wasiojulikana walipo, vyote kwa sauti ile ile nzito ya askofu. Ukimpa nafasi kidogo, atakuambia kwamba katika miaka yote hiyo hajaruka jina hata moja. Usipompa nafasi, atakuambia pia.

Miaka mitatu iliyopita alifariki mama yake Mama Mukamurenzi, Bibi Nyirahabimana. Siku zile vita vilikuwa vimeikata barabara ya Rutshuru. Ndugu wa pekee wa marehemu, Muzee Nshimiyimana, alikuwa ameacha shamba lake la viazi Kibumba akakimbilia kwa binti yake kule Rutshuru, upande wa pili wa mstari wa vita. Gari halikupita, pikipiki haikupita. Kilichopita ni redio tu, kwa sababu redio haiulizwi kitambulisho. Kwa hiyo kuja kuzika dada yake hakuweza. Kusikia jina lake likisomwa, hiyo aliweza, na hiyo ndiyo ingekuwa nafasi yake kwenye mazishi.

Simu ilikuwa imekwisha kumwambia. Akaita majirani, akaweka redio juu ya kiti, mwenyewe akakaa chini kwenye mkeka, kichwa kimeinama, tayari kulia. Majina ya watu wa Goma yakasomwa, yote. Halafu ikaja kwaya. Halafu ikaja komunike ya mbuzi aliyepotea Ndosho.

Fikiria aibu ile. Majirani wamekuja kukulilia, na redio inakuambia wewe si kitu kwa marehemu, mbuzi ana jina kukushinda. Muzee Nshimiyimana alisimama, akazima redio, akasema kwamba mtoto wa dada yake amemwandika nje ya ukoo. Hakulia. Akakunja mkeka.

Mama Mukamurenzi aliapa kwamba aliandika majina yote kwa mkono wake, karatasi mbili, ya Goma kwenye ya kwanza, ya upande wa Rutshuru kwenye ya pili. Alipotoka makaburini alikuja moja kwa moja kumwuliza Muzee Kambere. Muzee akajibu kwamba alisoma kila kilichoandikwa. Mama hakuwa na nakala, na karatasi zenyewe hazikuonekana. Basi mji ukafanya kazi yake. Wengine wakasema, si mnaona, Mnande ameruka watu wa upande wa pili makusudi. Wengine wakasema mama mwenyewe hakuwaandika, alikuwa anaogopa kuonekana ana ndugu upande ule. Siku zile kila mtu alikuwa akipima jina la mwenzake kabla ya kumsalimu, na jambo hilo lilipata mbolea nzuri.

Mwaka mmoja baadaye Julien aliwaita wote wawili waigize amani, kwa sababu ndio walikuwa na sauti nzuri kuliko wote. Wote wawili walikubali, maana hakuna aliyetaka isemwe kwamba yeye ndiye aliyeikataa amani.

Sasa njoo nami mpaka wiki tuliyofikia mwisho wa mchezo.

Jumatatu ile Mama Mukamurenzi alikuja kuchukua karatasi za episodi ya mwisho, ambamo majirani wawili wanaombana msamaha na kuung'oa ukuta. Nilikuwa nimeitolea jasho. Alisoma akiwa amesimama, akanirudishia. Akasema maneno ya msamaha hatayasema. Nilianza kukasirika, nikamwambia kwamba wasikilizaji wanangoja, na kwamba mwigizaji hachagui. Akanikatiza.

"Sidonie, nimechoka kusamehe mutu kwa redio," alisema. "Samedi batakuja kuchukua mutoto yangu, na mimi sina mutu wa kukaa kwa ile kiti."

Binti yake, Uwimbabazi, alikuwa anaolewa. Jumamosi familia ya bwana harusi italeta doti, yaani mahari. Baba yake Uwimbabazi alikufa zamani, na aliyebaki mkubwa wa nyumba, mtu wa kukaa kwenye kiti cha katikati, kupokea ng'ombe na kumtoa msichana, ni Muzee Nshimiyimana peke yake. Barabara ilikuwa imekwisha kufunguka, na muzee alikuwa amerudi kwenye viazi vyake Kibumba. Ni mwendo mfupi tu kwa pikipiki. Alipelekewa wajumbe mara tatu. Mara ya tatu aliwarudisha na gunia la viazi na jibu: mtu wa nje anaweza kutoa zawadi, lakini hawezi kutoa mtoto.

Mama Mukamurenzi alinieleza hayo bila machozi, na hilo lilinitisha zaidi. Kuolewa bila mtu kwenye kiti kile ni kama kuibwa. Watu watakula, watacheza, na wakirudi nyumbani watasema mtoto yule hakuwa na kwao. Na Uwimbabazi alilelewa mgongoni mwa bibi yule yule ambaye kifo chake kilileta balaa hili. Nilimwambia tutaona la kufanya, maneno ambayo mtu husema akiwa hana la kufanya.

Jumanne asubuhi nilikaa kuandika upya.

Hapa nieleze namna tunavyofanya kazi. Mashine yetu ya kuchapa ilikufa, tena bila komunike, kwa hiyo naandika kwa mkono. Na Julien, ambaye huhurumia karatasi kuliko watu, alipitisha sheria kwamba tuandike nyuma ya karatasi za zamani. Karatasi za zamani ni zipi? Komunike. Yako makatoni manne chini ya meza. Kwa hiyo upande mmoja wa mchezo wetu ni amani, na ukigeuza, upande wa pili mtu amekufa au mbuzi amepotea. Waigizaji wamezoea, hata hawageuzi tena.

Nikatia mkono katika katoni la chini kabisa, nikatoa karatasi moja. Ilikuwa ngumu kuliko nyingine, nzito, na katikati ina duara la mafuta lililokauka. Nilitaka kuitupa. Dative, fundi wetu wa mitambo, aliyekuwa ananywa chai kando yangu, aliichukua akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akasema hii si moja, ni mbili. Tukaishika juu ya mvuke wa chai yake, polepole, mpaka pembe ikaachia. Harufu ya mandazi ya zamani ikatoka.

Kwenye ukurasa wa kwanza: familia ya Mama Mukamurenzi ina huzuni kuwajulisha ndugu, jamaa na marafiki, na majina ya Goma. Kwenye ukurasa wa pili, uliokuwa umejificha kwa miaka mitatu, kwa wino wa buluu, mwandiko ule ule wa mama yule ninayemwandikia maneno kila wiki, mstari wa kwanza kabisa: Muzee Nshimiyimana, ndugu wa tumbo moja na marehemu, huko Rutshuru.

Dative akaweka kidole kwenye duara la mafuta. "Hapa alikula muzee," alisema.

Nilimkuta Kambere uani, amekaa juu ya jiwe la volkeno, gazeti magotini, na juu ya gazeti, naomba uniamini, mandazi mawili. Nilimwekea karatasi mbele ya macho. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa. Alijipangusa vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, na nikaelewa kwamba alikuwa anajua.

Alijua tangu siku ile ile. Jioni ya mazishi, akipanga karatasi, aliona mbili zimeshikana. Mandazi yake ndiyo yaliyozishika. Angeweza kurudi kwenye mikro dakika ile, akasoma zilizobaki, ikaisha. Lakini wakati huo mama alikuwa amekwisha kuja, na yeye alikuwa amekwisha kumjibu kwamba kila kitu kilisomwa. Akazitia karatasi kwenye katoni, chini kabisa, akaomba panya. Panya nao hawakuja.

Nilimwuliza jinsi alivyoweza kukaa kimya huku mji mzima unamwita mkabila. Nilikuwa nimepandisha sauti, mpaka mwuza makaa wa ng'ambo akasimama kutazama.

"Sikia, mutoto yangu," alisema Muzee Kambere. "Mutu wakimwita mukabila, hapa Goma atapata batu ya kumutetea, hata ya kumupikia. Lakini musomaji mwenye kuruka majina, nani atamuletea tena maiti yake?"

Ningekuwa na kiatu mkononi ningempiga, na wakati ule ule nilimhurumia. Alikuwa mzee, hana shamba, hana duka, ana sauti tu na jina la kutokosea. Lakini hasira zilishinda. Nilimwambia kwamba mganga hajigangi, hilo nalijua, ila yeye amezidi. Miaka miwili namtilia kinywani maneno ya ukweli na msamaha, na yeye anayatafuna kama mandazi, anameza, anaendelea na mambo yake. Nilimwambia kuhusu Jumamosi, kuhusu kiti, kuhusu Uwimbabazi. Kwamba kule Kibumba yuko mzee mwenzake anayeamini mpaka leo kwamba mtoto wa dada yake alimfuta kwa mkono wake. Hapo ndipo aliposhtuka. Habari za doti alikuwa hajazisikia. Angezisikia wapi, wakati hasemi na mwenye doti?

Aliniomba nimwachie karatasi mpaka kesho. Nikamwambia kesho saa sita mchana, isipokuwa hivyo nitaisoma mwenyewe kwa Kiswahili changu cha Bukavu, aone haya mara mbili.

Jumatano Mama Mukamurenzi alifika mapema kwa ajili ya kurekodi. Alikuwa na maharagwe ya Jumamosi kwenye ungo, akakaa uani kuyachambua, chini ya kipaza sauti tulichofunga mlangoni. Sikumwambia kitu. Nilikaa karibu naye nikajifanya nasaidia, na naona nilitupa maharagwe mengi mazima.

Saa sita komunike zikaanza. Kadi ya mpiga kura iliyopotea. Mkutano wa wazazi. Halafu Muzee Kambere akakohoa, jambo ambalo hajawahi kufanya hewani.

"Komunike inayofuata ina miaka tatu," alisema. "Ilichelewa juu ya kosa ya musomaji, si ya mwenye kuiandika. Mama Mukamurenzi aliandika majina yote kwa mukono yake. Kurasa mbili zilishikamana na mafuta ya mandazi, na mandazi ilikuwa yangu. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza. Sasa nasoma ukurasa ya pili."

Julien alitoka ofisini mbio, simu mbili zinalia mkononi, akitaka kujua nani ameruhusu redio ya amani ijiaibishe mchana kweupe. Alimwamuru Dative akate. Dative alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya vitufe, akasema haoni vizuri kipi ni kipi. Na ndani, kwa sauti ile ya askofu, majina yalikuwa yanatoka: Muzee Nshimiyimana, ndugu wa tumbo moja na marehemu. Familia ya Ndagijimana, huko Kiwanja. Mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Halafu hakuweka kwaya. Akazima mikro.

Mikono ya Mama Mukamurenzi ilikuwa imesimama juu ya maharagwe. Alilia bila sauti, machozi yakaanguka kwenye ungo. Nilijisikia furaha, na nilijisikia haya kuisikia furaha hiyo. Kwa miaka mitatu ukoo wake ulimwambia hukuandika, mpaka yeye mwenyewe, alinieleza baadaye, akaanza kujiuliza kama kweli aliandika.

Muzee Kambere alitoka, akasimama mlangoni na ile karatasi. Nikainuka, tayari kupeleka ujumbe upande wowote kama kawaida yangu. Mama Mukamurenzi akanishika sketi, akanikalisha.

"Muzee Kambere," alisema, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. "Samedi utakuja kwangu. Utakuja na ile karatasi. Na ukikula mandazi mbele ya kuja, unawe mikono."

"Ndiyo, mama," alisema Muzee Kambere.

Mchana ule tulirekodi episodi ya mwisho, na nasikitika kukuambia kwamba iliharibika kabisa. Walipokuwa wanachukiana waliigiza upendo vizuri ajabu. Sasa kila mmoja alimwonea mwenziwe haya, wakasahau maneno, wakaanza kusema pamoja, wakanyamaza pamoja. Muzee alimwomba jirani msamaha mara nne mahali nilipoandika mara moja. Julien aliipeperusha hivyo hivyo, na bado anapokea barua za kuisifu.

Kutoka Kibumba hakikuja kitu. Alhamisi kimya, Ijumaa kimya. Mama Mukamurenzi hakutuma mjumbe wa nne. Alisema, kilichobaki ni cha mjomba wake.

Jumamosi uani kwake palifunikwa shitingi, yale maturubai ya plastiki, viti vikapangwa pande mbili. Upande wa bwana harusi ulijaa mapema, wanaume na makoti, wanawake na mavazi yao ya mishanana ya rangi ya dhahabu. Upande wetu ulijaa pia, na katikati yake palikuwa na kiti kimoja chenye kitambaa cheupe, kitupu. Muzee Kambere alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na masufuria, koti la kanisani, karatasi ndani ya bahasha, mikono amenawa, niliiangalia.

Msemaji wa bwana harusi alianza mafumbo yake ya kuomba msichana. Alisifu mvua, alisifu ng'ombe, alisifu barabara. Aliposifu barabara kwa mara ya pili nikajua mafumbo yamekwisha. Watu walianza kutazama kile kiti, na waliokuwa wanakitazama walitazamana. Nyuma ya pazia Uwimbabazi alikuwa amesimama na vazi lake, na mama yake amesimama kando yake, macho njiani. Sijawahi kumwona mtu akisimama wima namna ile. Nikafikiri, sasa itabidi wamweke yeyote, na itakuwa imekwisha.

Pikipiki ikasikika. Ilipanda juu ya mawe, ikazima mlangoni. Akashuka mzee mrefu, kofia, koti zito la baridi ya Kibumba, fimbo, na kwapani redio ndogo iliyofungwa kwa kamba. Mama Mukamurenzi hakusogea. Muzee Nshimiyimana alipita katikati ya watu, hakusalimia mtu, akafika mbele ya kiti, hakukaa.

Aliuliza msomaji yuko wapi. Muzee Kambere akasimama kule kwenye masufuria. Watu wakamfungulia njia, akaja, wakasimama uso kwa uso, wazee wawili ambao mmoja alikuwa akimjua mwenzake kwa sauti tu.

"Ile siku nilisikia kwa redio," alisema Muzee Nshimiyimana. "Na mercredi nilisikia kwa redio. Leo soma, nikuone mudomo."

Kambere akatoa karatasi. Hakusoma kwa sauti ya askofu, alisoma kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, ya mtu wa kawaida anayemwambia mtu jambo zito. Alisoma kwamba familia ina huzuni kujulisha kifo cha Mama Nyirahabimana. Akageuza ukurasa, na sote tuliona akiupapasa kwa kidole gumba, kuhakikisha ni mmoja.

"Muzee Nshimiyimana," alisoma, "ndugu wa tumbo moja na marehemu."

"Niko," alisema Muzee Nshimiyimana.

Akavua kofia. Akakaa chini, kwenye mkeka, pale pale mbele ya kiti cheupe, akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya kwanza. Upande wa bwana harusi kulikuwa na mnong'ono, maana kilio na doti havikai uani pamoja, ni mkosi. Halafu Mama Mukamurenzi akatoka nyuma ya pazia, akakaa chini kando ya mjomba wake, na mnong'ono ukafa. Msemaji wa mafumbo ndiye wa kwanza kuvua kofia. Wanaume wote wakavua. Mimi nililia pia, na mtu yeyote akikuambia nilikuwa nimekunja uso, ndivyo ninavyolia.

Ilichukua muda. Kisha mzee akapangusa uso kwa kitambaa, akanyoosha mkono, na Kambere akampa ile karatasi. Aliitazama sana, ule mwandiko wa buluu, akaikunja akaitia mfuko wa ndani wa koti. Akashika bega la Mama Mukamurenzi ili kuinuka, akakaa kwenye kiti.

"Leo ndiyo baliniambia," alisema. "Dada yangu amekufa, na nimemulilia. Sasa hao ng'ombe wako wapi?"

Vigelegele vilipasua shitingi. Msemaji akakumbuka fumbo moja alilokuwa amelisahau, akalisema, likajibiwa, na Uwimbabazi akatoka.

Wakati wa kula nilikaa na Muzee Kambere kule nyuma. Nilimwona Mama Mukamurenzi anakuja upande wetu, birika mkono mmoja, beseni mkono mwingine. Nikainuka, nikadhani kama kawaida kuna neno la kupeleka. Alinipita. Alipiga magoti mbele ya muzee, akammiminia maji, akamnawisha mikono yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, mpaka akaridhika. Kisha akamwekea sahani yake.